Plasta Juu ya Taa Nyekundu

Walimwita Sikio, na jina hilo hakupewa bure. Enzi za magari ya petroli, mtu alimletea gari lenye kasoro, naye akasimama kando, mikono mgongoni, akaomba liwashwe. Aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayejua anasengenywa chumba cha pili, kisha akasema: "Beringi ya gurudumu la nyuma, upande wa kulia." Mwanzoni mafundi wa gereji walimbishia. Walifungua gurudumu, wakaikuta beringi imeliwa. Tangu hapo hata mkewe alimwita Sikio siku alizokuwa na furaha naye. Siku nyingine alimwita baba watoto, na siku hizo zilikuwa na idadi yake.

Sasa angalia dunia inavyojua kumchezea mtu. Katika viungo vyote alivyokuwa navyo, kilichoanza kumtoroka ni kile alichosifiwa. Masikio yalimwishia polepole, kama maji kwenye mtungi wenye ufa: unachota, unachota, hujui kitu, mpaka siku kata inapogonga chini. Kwanza zilipotea sauti za ndege, naye hakuzikosa, maana hakuwa mtu wa ndege. Ikafuata kengele ya mlango. Mwishowe hata maneno ya watu yakawa yanamfikia na matundu, naye akayaziba matundu hayo kwa kubahatisha. Alijifunza kutazama midomo. Alijifunza kucheka wenzake wanapocheka na kuguna wanapoguna, na penye mashaka makubwa alisema, "Ndiyo, ndiyo dunia hiyo," jibu ambalo halijawahi kuharibu mazungumzo ya mtu.

Hakumwambia yeyote, na sababu yake ilikuwa moja. Alikuwa dereva wa kituo cha kusafisha figo. Asubuhi aliwapitia wagonjwa milangoni kwao, akawaleta wafungwe kwenye mashine, na jioni akawarudisha wamelegea kama nguo zilizokamuliwa. Aliipenda kazi hiyo kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Aliamini kwamba sista mkuu wa kituo, mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi, akijua tu kwamba dereva wake hasikii, ufunguo utaning'inizwa msumarini siku hiyohiyo. Na bila usukani, Sikio hakujua yeye angekuwa nani.

Mkewe ndiye pekee aliyejua, na hilo si kwa sababu aliambiwa. Utamficha vipi mtu unayekula naye? Alimsihi aende kwa daktari wa masikio. "Mficha maradhi, kilio kitamfichua," alimwambia, akisimama mbele yake ili aone midomo vizuri. Sikio akajibu kwamba daktari ni wa wagonjwa, na yeye haumwi. Basi wakaishi hivyo. Mke alisema jambo akiwa jikoni, mume akauliza amesemaje. Mke akarudia, mume akauliza tena. Na mara ya tatu mke alisema, "Basi, acha," akaendelea na shughuli zake. Sikio aliipenda sana ile "basi, acha". Aliiona ni huruma, na kwa kweli ilimpunguzia kazi.

Halafu likaja gari la umeme. Kituo kilikuwa na basi dogo la zamani lililokunywa mafuta kama limetoka jangwani, na siku lilipokataa kabisa kuwaka, wakubwa wakaleta hili jipya, jeupe, refu, lenye kioo kipana mahali pa saa na mishale. Wenzake walimpa pole. Walidhani atalia, kwa kuwa gari lisilo na injini ya kuunguruma litamfaa nini mtu wa kusikiliza? Kumbe moyoni alikuwa akisherehekea. Gari halisemi, dereva hasikii, wamefaana. Hakuna tena atakayemwita kando na kumwuliza, "Hebu sikiliza hapa, Sikio, ina nini?"

Fundi wa magari hayo alikuja kuwafundisha, mwanamke mrefu mwenye suruali ya kazi iliyojaa mifuko. Alikuwa mwalimu mzuri, ila alifundisha kichwa kikiwa ndani ya gari na mgongo ukiwa kwa wanafunzi, akionyesha taa moja baada ya nyingine kwa ncha ya bisibisi. Sikio alisimama nyuma yake akitikisa kichwa kama mjusi ukutani. Aliona bisibisi inagusa hapa, inagusa pale. Neno hata moja hakulipata. Fundi alipogeuka na kuuliza kama kuna swali, Sikio ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema hakuna.

Mengine alijifunza kwa macho, na tusimwonee, alijifunza vizuri. Alijua taa ya kijani inasema gari liko tayari kwenda ingawa hakuna kinachotetemeka. Alijua kuchomeka kebo jioni na kusoma asilimia ya chaji asubuhi. Alijua kwamba ukiinua mguu kwenye mteremko gari linajirudishia umeme kidogo, na jambo hilo lilimpendeza kama kuokota kitu chake mwenyewe njiani.

Ndipo ilipoanza kuwaka taa nyekundu yenye umbo la betri ndogo, na alama zake za kujumlisha na kutoa. Iliwaka asubuhi moja, ikazima. Kesho yake ikawaka, ikakaa. Chini yake kwenye kioo yakatokea maandishi: kuna hitilafu katika chaji ya betri ndogo, simama mahali salama. Sikio akatazama asilimia. Betri ilikuwa imejaa pomoni. Hapo akatabasamu, maana taa hiyo walikuwa wanajuana. Katika basi la zamani taa ya namna hiyohiyo iliwaka kwa miaka kwa sababu ya waya mmoja mkorofi, na basi likaenda na kurudi bila kumwomba mtu ruhusa. Dereva yeyote wa rika lake anaijua dawa ya taa kama hiyo: unaiziba. Wengine hutumia utepe mweusi wa mafundi umeme. Sikio, kwa kuwa mwajiri wake alikuwa na chumba cha vidonda, alitumia plasta.

Mazoea yana taabu. Alikata kipande cha plasta nyeupe, akakibandika vizuri juu ya taa, akakilainisha kwa kidole gumba. Maandishi nayo yalikuwa na dawa yake, kwani pembeni palikuwa na kitufe kilichoandikwa "Sawa". Ukikibonyeza, maandishi yanaondoka. Yakirudi, unabonyeza tena. Asichokijua ni kwamba kila maandishi yalipotokea, gari lilitoa pia mlio mwembamba wa juu, wa aina ileile ya ndege aliowapoteza zamani.

Mwalimu aliusikia. Huyu alikuwa mgonjwa wake wa miaka, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na kiti cha mbele kilikuwa chake kwa sheria ambayo hakuna aliyeiandika. Alipenda kuzungumza na Sikio na alikuwa na tabia ya kusubiri gari lisimame kwenye taa za barabarani, amgeukie kabisa, ndipo aseme. Sikio alidhani ni adabu za walimu. Safari hiyo walikuwa wanarudi alasiri. Nyuma walikaa wagonjwa wawili, mama mmoja mwenye kitambaa kichwani na mzee aliyelala kabla hata mlango haujafungwa. Mwalimu alitazama plasta, akatazama kioo, akasema kuna kitu kinalia.

"Ndiyo," Sikio akajibu, macho barabarani. "Leo jua ni kali."

Mwalimu hakucheka. Walikuwa wanateremka kuelekea daraja, lile refu lisilo na pembeni pa kusimama, ambapo malori hupita kana kwamba yanafukuzwa. Kioo kilianza kufifia. Ikatokea juu yake alama ya kobe mdogo wa njano, na gari likapunguza mwendo lenyewe. Sikio akakanyaga, gari likabaki na mwendo wake wa kobe. Akahisi usukani unakuwa mzito mikononi, na mikono yake ilikuwa haijazeeka, ilijua kwamba usukani hauwi mzito bure. Lakini mguu ulikuwa bado unakanyaga. Daraja liko hapo, alijiambia, ng'ambo yake kuna nafasi, tukivuka tu.

Mwalimu akamshika mkono, akaubana mpaka akageuka. Alisema taratibu, midomo yake wazi, kama anavyosema na mtoto wa dawati la nyuma.

"Simama, baba. Hapahapa. Gari linalia, na wewe hulisikii."

Kulikuwa na kituo cha mafuta upande wa kushoto, kabla tu ya daraja. Sikio alivuta usukani kwa nguvu zote za ujana wake wa kuendesha malori, gari likaingia polepole mbele ya pampu ya dizeli, likasimama, na kioo kikazima. Taa zote zikafa. Madirisha hayakushuka, na kufuli za umeme zikagoma, ikabidi avute kishikio cha mkono cha akiba ili afungue. Wahudumu wa kituo walikuja wakicheka, mmoja akiuliza kama wamtilie dizeli au petroli. Sikio alitazama darajani. Lori lilikuwa linapita, likifuatwa na lingine. Akafikiria mzee aliyelala kiti cha nyuma, na mama mwenye kitambaa, watu waliotoka tu kwenye mashine, wamekwama katikati ya lile daraja kwenye gari lisilo na taa. Akaketi kwenye ngazi ya pampu.

Alipanga alama za pembetatu nyuma ya gari, akapiga simu kituo cha figo, au tuseme Mwalimu alipiga, kwa sababu simu ilikuwa moja ya vitu Sikio alivyokuwa akivikwepa kitambo. Walipokuwa wakingoja alimwuliza Mwalimu amejua tangu lini.

"Tangu mwaka uliopita. Nilifundisha miaka yangu yote, baba. Mtoto asiyesikia vizuri huwa ndiye anayesema 'ndiyo' upesi kuliko wenzake."

"Mbona hukusema?"

"La kusema ni lako, si langu." Akageuka kutazama daraja. "Lakini leo nimeogopa. Nimejilaumu."

Sista mkuu alikuja mwenyewe na gari jingine, akiongozana na fundi. Wagonjwa wakahamishwa, mzee aliamka, akauliza kama wamefika, akalala tena. Fundi alifungua mbele, akapima, akaeleza bila kupandisha sauti: betri kubwa haina tatizo lolote, iliyokufa ni ile ndogo, na ndogo ndiyo inayobeba taa, kioo, milango na wepesi wa usukani. Kifaa kinacholisha betri ndogo kutoka kubwa kimeharibika siku nyingi. Lazima gari lilionya. Kisha akainama ndani, akaiona plasta.

Aliibandua kwa kucha, akamkabidhi sista. Sista aliigeuza mkononi, akaitambua, plasta ya kituo chake mwenyewe.

"Sisi plasta tunaweka baada ya kusafisha kidonda," alisema. "Nani ameweka hii?"

Mwalimu alikuwa bado hajaingia kwenye gari jingine. Alisimama ameshika mlango, akitazama barabara, akiwa amefunga mdomo wake makusudi. Hapakuwa na shahidi mwingine. Sikio angeweza kusema lolote: ilikuwepo gari lilipokuja, mwosha magari aliiweka. Uongo ulimjia tayari umepigwa pasi. Alimtazama yule mama mwenye kitambaa nyuma ya kioo cha gari jingine, kichwa kimeegemea dirisha, macho yamefumbwa kwa uchovu, akiwa amemwamini dereva kwamba atamfikisha.

"Mimi," akasema. "Na mlio sikuusikia. Sisikii, Sista. Ni muda sasa."

Sista akanyoosha mkono, na Sikio akautia ufunguo kiganjani mwake. Hakumkemea, na hilo ndilo lililomuuma.

Nyumbani alimweleza mkewe yote, naye hakusema "nilikuambia", ingawa haki hiyo alikuwa nayo. Alimletea chai tu. Kesho yake akafuatana naye hospitali, akakaa kando yake kwenye benchi, na jina lilipoitwa akamgusa bega.

Siku zilizofuata zilikuwa ndefu. Dereva wa muda alitoka idara ya bohari, kijana mzuri asiye na kosa lolote, na Sikio alimchukia kwa dhati. Daktari alipima, akapima tena, akaagiza kifaa cha kuvaa sikioni. Alimpigia sista kusema kwamba mtu huyu anaweza kuendesha, mradi akivae, gari liwekewe kioo kipana cha kutazamia nyuma, na apimwe kila mwaka. Sista akasema sawa, ila na yeye ana sharti lake: somo la taa lirudiwe lote, na mtihani atautoa mwenyewe.

Fundi akaja tena. Safari hii walikaa viti vya mbele, uso kwa uso, na hakuna aliyetikisa kichwa kabla ya kuelewa.

"Nyekundu, simama kwanza mahali salama, maswali baadaye. Njano, nenda taratibu, lakini unipigie leo, si kesho. Kobe maana yake gari limejipunguzia nguvu, usilikanyage, lisaidie. Kijani na buluu ni salamu tu."

"Na hiki kitufe cha Sawa?"

"Hicho hakitengenezi kitu, mzee wangu. Ukikibonyeza umeliambia gari kwamba umesikia."

Sikio alitazama magoti yake. Alikuwa amelidanganya gari, kumbe, kama alivyowadanganya watu wote. Fundi hakujua kwa nini mzee amenyamaza, akadhani hajamwelewa, akarudia. Alikuwa amemwelewa sana.

Mtihani aliupita, si kwa alama zote. Kuna taa moja ya njano aliichanganya na nyingine, na sista akamrudisha nyumbani mpaka kesho yake. Kesho akarudi, akaijua. Ufunguo ukatoka msumarini.

Asubuhi ya kwanza gari lilimshangaza. Aliposukuma mlango, likalia. Alipofunga mkanda, likanyamaza. Indiketa ilikuwa inagonga tik-tik kama saa ya ukutani, na chini ya miguu yake kulikuwa na mvumo mwembamba, unaopanda na kushuka kwa kadiri anavyokanyaga. Kumbe bubu hakuwepo. Walipofika karibu na soko ikawaka taa ya njano ya upepo wa tairi, na mlio nao akausikia, mwembamba, wa juu. Aliegesha, akatoka, akapima, akajaza upepo kwa pampu ndogo ya kwenye buti, akampigia fundi simu. Wagonjwa walinung'unika kwamba watachelewa. Mwalimu aliwaambia wenye haraka washuke wasukume.

Jioni alirudi nyumbani akamkuta mkewe anaosha vyombo, mgongo umeelekea mlangoni. Maji yalikuwa yanatiririka. Mkewe alikuwa anasema peke yake, sauti ya chini, kama mtu aliyezoea kwamba hakuna anayemsikiliza.

"...na kesho tena kule juu, na mguu wenyewe huu."

"Mguu una nini?" Sikio akauliza.

Bakuli likamteleza mkononi, likaingia majini. Aligeuka akamtazama, halafu akatazama kile kifaa sikioni, kana kwamba kuna mtu wa tatu ameingia nyumbani.

"Basi, acha," akasema, kwa mazoea.

"Hapana, siachi." Alivuta kiti, akafunga bomba. "Yale yote uliyokuwa ukisema 'basi, acha'. Yalikuwa nini?"

"Nitayakumbuka wapi, mume wangu? Yalikuwa mambo madogo madogo."

"Anza na lolote."

Mkewe alifuta mikono kwa kanga, polepole, kidole kwa kidole. Akaketi. Akasema ni goti la kushoto. Lilianza mvua za mwaka juzi. Alimwambia siku ile ile, mara tatu, kisha akaacha, akawa anapanda kilima cha sokoni hivyohivyo, akipumzika penye ukuta wa kanisa.

Sikio aliujua ukuta ule. Alipita hapo kila asubuhi akiwa amewabeba watu wa nyumba nyingine, akiwashusha hatua mbili kutoka milangoni mwao. Machozi yalimjaa, na hakuyaficha.

"Na lingine?" akauliza.

Mkewe akamtazama kwanza kuhakikisha kwamba kweli anauliza. Halafu akaanza kueleza, na hakuinua sauti.